Spika mbili za Bluetooth, jinsi ya kuzifanya zipige stereo ya ukweli na sio kelele mara mbili

Kitu cha kwanza, na hiki ndo kinawachanganya wengi: spika mbili kupiga wimbo mmoja kwa wakati mmoja bado sio stereo. Hiyo ni sauti ileile imetoka sehemu mbili basi, ukubwa umeongezeka ila wimbo haujafunguka. Stereo ni pale spika ya kushoto inapopiga chaneli ya kushoto peke yake na ya kulia inapiga ya kulia peke yake, hapo ndo unaanza kusikia gitaa limekaa upande huu, kinanda upande ule, na mwimbaji kasimama katikati kabisa, mahali ambapo hakuna spika yoyote, pana hewa tupu. Hiyo ya sauti ya mtu kutokea penye hewa tupu ndo dalili yenyewe, ukiikosa jua bado hujafika hata kama taa zote zinawaka vizuri.

Wazo lenyewe ni la zamani, mhandisi wa kampuni ya kurekodi muziki ya EMI kule Uingereza anaitwa Alan Blumlein aliliombea hataza mwaka 1931, ila enzi zile unavuta waya mmoja kwenda kushoto na mwingine kulia mchezo umeisha. Sisi tumeondoa waya na hapo ndo shida zote zimeanzia.

Kwa nini simu peke yake haiwezi

Bluetooth ya kawaida ya muziki inafanya kazi hivi: simu ikishakonekti na spika inatuma mkondo mmoja wa sauti wenye chaneli zote mbili ndani yake, kushoto na kulia vikiwa pamoja, na mkondo huo unaenda kwa kifaa kimoja. Kimoja. Habari za spika ya pili simu haina. Kwa hiyo ili upate stereo lazima spika zenyewe zikubaliane, moja inakuwa kuu, inapokea kila kitu kutoka kwenye simu, inabaki na upande wake alafu upande mwingine inamrushia mwenzake. Ndo maana ukishaziunganisha vizuri kwenye orodha ya Bluetooth ya simu unaona jina moja tu limekonekti, na watu wengi wakiona jina moja wanadhani wamekosea wanaanza kuhangaika kukonekti na la pili, wanavuruga kila kitu.

Ukilishika hili umemaliza nusu ya kazi: spika na spika kwanza, simu baadaye.

Kabla hujanunua ya pili

Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanapotupa hela. Stereo karibu kila mahali inataka spika mbili za modeli ileile, sio kampuni ileile, MODELI ileile. Chukua JBL kama mfano. Flip 4 na Charge 4 zinatumia mfumo wao unaoitwa Connect+, Flip 5, Flip 6 na Charge 5 zinatumia PartyBoost, alafu Flip 7 na Charge 6 zimehamia Auracast. Kwa nje zinafanana, nembo ni ileile, ila Flip 4 na Flip 5 ukiziweka pamoja hazitambuani kabisa, na hakuna apdeti itakayozipatanisha. Na hata ndani ya familia moja bado kuna mtego, Flip 5 na Charge 5 zote ni PartyBoost kwa hiyo zitapiga pamoja bila tatizo, ila zitapiga kwa modi ya party tu, yani zote zinatoa kitu kimoja, ukitaka stereo itabidi iwe Flip 5 na Flip 5 au Charge 5 na Charge 5. Sony za familia ya SRS-XB nazo hivyohivyo, zinataka pacha wake.

Na sio ubahili wa kampuni tu (japo na huo upo). Spika mbili tofauti zina besi tofauti, nguvu tofauti, na kila moja inachukua muda wake kuichakata sauti kabla ya kuitoa, sasa ukiipa moja kushoto na nyingine kulia yule mwimbaji wa katikati hakai katikati, anavutwa kwenye ile yenye nguvu, mara anahama kulingana na noti anayoimba. Inachosha masikio.

Kingine ambacho wengi hawajui, spika nyingi ndogo ndani yake ni mono. Flip 5 kwa mfano ina spika moja tu ndani, kwa hiyo hata ukiipigia wimbo uliorekodiwa stereo safi inazichanganya chaneli mbili kuwa moja. Mwenye spika ya aina hii ndo anafaidika kuliko wote akiongeza ya pili, tofauti ni kubwa. Mwenye spika kubwa yenye spika mbili ndani atapata faida pia ila mshtuko hautakuwa uleule.

Kwa hizi za bei nafuu zisizo na jina kubwa angalia kwenye boksi au kikaratasi cha maelekezo kama kuna herufi TWS, yani True Wireless Stereo, stereo ya spika mbili bila waya. Zikiwepo, mbili za modeli hiyo zitakubaliana. Zisipokuwepo achana nayo, usidanganywe na maneno ya muuzaji kwamba Bluetooth 5 inakubali zote, namba ya Bluetooth haihusiani kabisa na hili. Kama unaweza zijaribu palepale kabla hujalipa, kazi ya dakika moja tu.

Haya sasa kuunganisha

Nianze na hizi za TWS maana ndo nyingi, alafu zenye programu zao zitafuata.

Zichaji zote mbili kwanza. Kisha zima Bluetooth ya simu, na sio ya simu yako tu, zima na laptopu, tableti na simu ya mtu mwingine yeyote hapo ndani aliyewahi kuzitumia hizo spika. Sababu ni kwamba spika ikiwashwa kitu cha kwanza inachofanya ni kumkimbilia yule iliyekuwa nae mara ya mwisho, sasa wewe unabonyeza TWS huku yenyewe imeshakonekti na tableti ya mtoto chumba cha pili, itakugomea na hutajua kwa nini. Kama ulishawahi kukonekti spika zote mbili kwenye simu nenda kwenye orodha ufute majina yote mawili, anza upya.

Washa zote mbili, ziweke karibu karibu, chini ya mita moja hivi, utazitenganisha baadae. Sasa kwenye MOJA tu bonyeza kitufe cha TWS. Kitufe hiki kila mtengenezaji ana kwake, wengine wamekiandika kabisa, wengine unashikilia kile cha alama ya Bluetooth kwa sekunde kadhaa, wengine unabonyeza mara mbili kile cha kucheza na kusimamisha, wengine ni kile chenye herufi M. Kikaratasi kitakuambia, na kama kimepotea tafuta jina la modeli mtandaoni. Zipo zinazotaka ubonyeze kwenye zote mbili lakini nyingi ukibonyeza kote kote kila moja inataka kuwa kuu na hakuna inayokubali kufuata, zinabaki zinatafutana tu, kwa hiyo jaribu moja kwanza.

Subiri usikie mlio, au ile sauti ya Kiingereza ikikutajia kushoto na kulia. Mara nyingi utaona spika mfuasi taa yake imetulia na ile kuu bado inablinki, hiyo maana yake zenyewe zimeshapatana na sasa kuu inaitafuta simu. Washa Bluetooth ya simu, chagua jina, piga wimbo. Ukiona majina mawili yanayofanana chagua moja, lisipotoa sauti kwenye zote mbili liondoe uchague lingine, usichague yote.

Baada ya hapo kesho yake hurudii, ukiwasha zote mbili kwa wakati mmoja kwa kawaida zinatafutana zenyewe. Ukiwasha moja peke yake itapiga kama kawaida, yani haiharibiki kwa kukosa mwenzake. Ukitaka kuzitenganisha moja kwa moja bonyeza tena kitufe kilekile cha TWS.

Kwa JBL za PartyBoost mpangilio ni tofauti kidogo. Unakonekti simu na spika moja kwanza, unapiga wimbo, alafu unabonyeza kitufe cha PartyBoost kwenye hiyo spika na kwenye ya pili. Zitapiga zote, na hapa ndo watu wengi wanaishia wanafurahi kumbe wako kwenye party, sio stereo. Fungua programu ya JBL Portable, zitaonekana zote mbili, badilisha kutoka party kwenda stereo, na humohumo unaweza kuchagua ipi iwe kushoto ipi kulia. Bose za SoundLink Flex na Ultimate Ears nazo zina programu zao zenye chaguo la namna hii, unaongeza spika ya pili alafu unachagua stereo. Ukiwa ndani ya programu angalia kama kuna apdeti na uifanye kwenye spika ZOTE MBILI, moja ikiwa na toleo jipya na nyingine la zamani inatosha kabisa kuzifanya zigombane.

Vipi kuhusu simu zinazokonekti spika mbili zenyewe?

Ndio zipo, Samsung Galaxy kuanzia S8 ya mwaka 2017 zinaweza kutuma sauti kwa vifaa viwili kwa pamoja, unachagua zote mbili kwenye sehemu ya kutoa sauti. Inasaidia ukiwa na spika mbili tofauti ambazo haziongei. Lakini kila spika inapokea wimbo mzima, kushoto na kulia, kwa hiyo sio stereo, na kwa vile kila moja inaichakata sauti kwa muda wake unaweza kusikia mwangwi kidogo, moja inamfukuzia mwenzake. Sawa kwa kufanyia usafi, kwa kusikiliza muziki umekaa hapana. iPhone nayo ina kitu cha kugawana sauti ila ni kwa AirPods na baadhi ya hedifoni za Beats, spika yako haimo.

Hakikisha ni stereo kweli

Usiamini taa wala mlio. Kipimo rahisi kuliko vyote kiko ndani ya simu yako tayari, fungua setingi, nenda sehemu ya ufikivu, ile yenye vitu vya kuwasaidia wenye shida ya kuona na kusikia, tafuta mambo ya sauti, utakuta kitelezi cha kugawa sauti kati ya kushoto na kulia. Piga wimbo, buruta kitelezi chote kushoto. Spika ya kulia inatakiwa inyamaze. Buruta kulia, ya kushoto inyamaze. Kama zote zinapungua pamoja au zote zinaendelea kupiga, hiyo ni party, rudi juu. Usisahau kukirudisha katikati ukimaliza.

Na ukiwa hapohapo angalia swichi ya sauti ya mono, lazima iwe imezimwa. Hii swichi ikiwa imewashwa simu inachanganya chaneli kabla hata ya kuzituma, unaweza kununua spika za bei yoyote ile duniani na hutasikia stereo hata siku moja.

Kwenye kompyuta ya Windows kuna mtego wa aina yake. Spika moja inaweza kujitokeza mara mbili kwenye orodha ya sauti, moja ni ya stereo na nyingine ni ya kupigia simu, ile ya simu ni mono na sauti yake ni kama redio iliyoziba pua. Chagua ya stereo. Na ukiingia kwenye mkutano wa mtandaoni programu ikishika maikrofoni ya spika yako kila kitu kinashuka kwenye hiyo modi ya simu, kwa hiyo iambie itumie maikrofoni ya laptopu badala yake, sauti itarudi.

Uziweke wapi

Hapa ndo naona watu wanafanya kazi yote vizuri alafu wanaziweka spika zote mbili juu ya meza moja zimegusana. Stereo yote imekufa hapo. Zipe nafasi, na kanuni ni pembetatu yenye pande sawa: umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali kutoka kila spika mpaka kwako. Mita mbili, mbili, mbili ni mwanzo mzuri kwa chumba cha kawaida, kwa mezani mbele ya laptopu hata mita moja inafanya kazi. Zigeuze zikuangalie kidogo, na ziwe kimo cha masikio yako ukiwa umekaa, zikiwa sakafuni yanayosikiliza ni magoti yako.

Huo usawa wa umbali sio urembo. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja ni karibu milisekunde tatu, na sikio la binadamu lina tabia ya kuamini kwamba sauti imetokea kule ilikofika kwanza hata kama upande wa pili unapiga kwa nguvu ileile. Mjerumani Helmut Haas alilichunguza hili kwenye tasnifu yake ya mwaka 1949. Maana yake kwako ni kwamba ukikaa mita moja karibu zaidi na spika ya kushoto, wimbo mzima unahamia kushoto na utaapa kwamba ya kulia imeharibika. Kabla hujalalamika chukua kamba upime.

Kona za chumba zinaongeza besi, kwa hiyo moja ikiwa konani na nyingine iko wazi hazitalingana, aidha zote konani au zote mbali na kona. Na hizi za umbo la mtungi kama Flip na Charge zile ngozi za mwisho mwisho zinazotikisika ndo zinazosaidia besi, usizigandamize ukutani. Spika za kupiga pande zote kama za Ultimate Ears zinajaza chumba vizuri ila zinarusha sauti nyingi ukutani, kwa hiyo ule mpangilio wa ala unakuwa na ukungu kidogo.

Alafu niseme kitu ambacho wauzaji hawasemi, stereo ni ya mtu aliyekaa. Kama kuna watu thelathini wanazunguka nje wanacheza, zima stereo weka party, kwa sababu yule aliyesimama karibu na spika ya kulia ataisikia nusu ya wimbo na nusu nyingine iko mita kumi kule. Na hapo ndo ile Auracast iliyotangazwa mwaka 2022 ina maana yake, spika inatangaza kama kituo cha redio na spika nyingine yoyote inayoielewa iliyo karibu inadaka.

Zikisumbua

Zikikatakata sikiliza ni ipi inayokata, maana hilo ndo linakuambia tatizo liko wapi. Ikikata mfuasi tu na kuu inaendelea, shida iko kati ya spika na spika, labda umeziweka mbali mno, kuna ukuta, au kuna mtu kakaa katikati, mwili wa binadamu umejaa maji na maji yanameza mawimbi haya vibaya sana. Zikikata zote pamoja, shida iko kati ya simu na ile kuu, toa simu mfukoni uiweke karibu na spika kuu, sio karibu na yoyote tu. Bluetooth inatumia gigahezi 2.4 ambako ndiko iliko Wi-Fi nyingi na jiko la maikrowevu pia, kwa hiyo usiweke spika juu ya ruta, na kama ruta yako ina gigahezi 5 hamishia simu huko.

Zikiwa zimebadilishana, kushoto iko kulia, usihangaike na setingi yoyote, nyanyua spika uzibadilishe mahali. Basi.

Moja ikiwa na sauti ndogo, baadhi ya spika zinapandisha sauti kwa pamoja, nyingine kila moja ina ya kwake, bonyeza kitufe cha kuongeza kwenye kila spika mpaka mwisho alafu punguza kwenye simu. Bado? Angalia chaji.

Zikigoma kabisa kukutana, futa majina kwenye simu, riseti spika zote mbili, washa upya, anza mwanzo. Kwa JBL nyingi unariseti kwa kushikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kucheza mpaka izime, nyingine fuata kikaratasi chake.

Mdomo kwenye video usipoendana na sauti, kwenye simu programu nyingi za video zinajirekebisha zenyewe ila magemu hayajirekebishi, risasi unaisikia baada ya adui kuanguka, na kwa kucheza gemu mimi nasema tumia waya tu. Kwenye TV tafuta setingi ya kuchelewesha au kuwahisha sauti uicheze mpaka ziendane. Na kama unafikiria kukwepa hilo kwa kuchomeka waya kwenye spika kuu ukitegemea itamrushia mwenzake, ijaribu kwanza, maana spika nyingi za TWS ukichomeka waya tu zinaachana, ile kuu inapiga peke yake na mfuasi ananyamaza. Kama spika kazi yake kubwa itakuwa ni TV, nunua spika ya TV yenye waya na hizi mbili uziache kwa muziki.